Kanda za Nyimbo Zilizolala Katika Nyumba za Likoni

Katika nyumba nyingi za Likoni, ng'ambo ya kusini ya kivuko cha Mombasa, liko sanduku au boksi ambalo halifunguliwi mara kwa mara. Huenda likawa chini ya kitanda, huenda likawa juu ya kabati, karibu na redio kaseti ambayo haitoi sauti tena. Ndani yake mna kanda za kaseti. Baadhi zimeandikwa kwa wino uliokwisha kufifia, na baadhi hazikuandikwa kitu. Vijana wa nyumba wakiulizwa hujibu kwamba hizo ni tepu za babu. Wazee wakiulizwa hujibu kwa kirefu zaidi, maana katika kanda hizo mna harusi ambazo maharusi wake sasa wana wajukuu, na mna sauti za watu waliokwisha kuzikwa.

Watu wengi hudhani kwamba muziki wa pwani uliohifadhiwa ni ule uliotiwa katika sahani za santuri, au ule uliotangazwa redioni. Dhana hiyo si sahihi. Sehemu kubwa ya taarabu iliyopigwa katika kisiwa cha Mombasa na upande wake wa bara, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, tangu miaka ya 1970 mpaka miaka ya 1990, haikuingia katika sahani hata moja. Iliingia katika kaseti, ikanakiliwa kutoka kaseti hata kaseti na watu waliopenda kuisikiliza, na hasa na watu waliopenda kuipiga wenyewe nyumbani. Wapigaji hao wa nyumbani hawakuwa waimbaji wa kulipwa. Walikuwa makarani, mabaharia, mafundi cherahani, walimu na wafanya kazi wa bandarini. Mmoja alikuwa na udi, mwingine akodiani, mwingine jozi ya tabla. Kusudi lao halikuwa kujipatia sifa. Walitaka tu kuweza kuupiga barazani Jumamosi usiku ule wimbo waliousikia harusini Jumamosi iliyopita.

SAHANI NA KANDA

Zamani mtu aliyetaka kusikia sauti ya mwimbaji asipokuwapo mwimbaji mwenyewe hakuwa na njia ila santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri mpaka Bombay, Bara Hindi, kutia nyimbo zake katika sahani za His Master's Voice, na kwa sahani hizo taarabu ya Kiswahili ilienea pwani yote. Baadaye Mombasa ikapata wenye kutoa sahani wake, kama vile duka la Assanand & Sons lililotumia jina la Mzuri. Katika miaka ya 1950 stesheni ya Sauti ya Mvita nayo ilitangaza kutoka Mombasa, na wapigaji wa mji wakasikiwa na watu wasiowajua kwa sura.

Walakini sahani ilikuwa na mipaka yake. Sahani ndogo ya santuri ilichukua kiasi cha dakika tatu au nne kila upande. Wimbo wa taarabu harusini hauishi kwa dakika nne. Mwimbaji huanza kwa ala peke yake, kisha huingia ubeti wa kwanza, huurudia mshororo watu wakiupenda, hungoja mwenye kuja kutuza arudi mahali pake, na wimbo mmoja waweza kuchukua robo saa. Mwenye kutengeneza sahani hakuwa na budi kuukata. Tena sahani haikuweza kutengenezwa na mtu wa kawaida. Ilihitaji kiwanda, na kiwanda kilihitaji kuuza nakala nyingi ndipo kipate faida. Mwimbaji asiyejulikana nje ya Mtongwe au Timbwani hakuwa na matumaini ya kuitwa.

Kanda ya sumaku ilibadilisha mambo hayo. Mashine ya kwanza ya namna hiyo iliyofaa kuuzwa, Magnetophon ya kampuni ya AEG, ilionyeshwa Berlin mwaka 1935. Mashine hizo za magurudumu makubwa zilikuwa nzito na za bei kubwa, na mahali pake palikuwa katika vituo vya redio. Lakini mwaka 1963, kampuni ya Philips ya Uholanzi ilitoa kaseti ndogo iliyobuniwa na watu walioongozwa na Lou Ottens. Utepe wake una upana usiofika milimita nne, nao hupita mbele ya kichwa cha mashine kwa mwendo wa sentimeta 4.76 kwa sekunde. Kaseti ya dakika 60 ina utepe wa mita 85 na zaidi, uliopakwa unga mwembamba wa chuma ulio jamaa ya kutu. Sauti huupanga unga huo kwa nguvu ya sumaku, na hapo itakaa mpaka ifutwe, au mpaka utepe wenyewe uharibike.

Kitu hicho kiliweza kuingia mfukoni mwa shati. Kiliweza kuvuka kwa feri asubuhi pamoja na mwenyewe aendapo kazini, na kurudi jioni kikiwa na nyimbo ambazo hakikuwa nazo asubuhi.

HARUSI NA MEZA YA MASHINE

Tuseme ni mwaka 1978, na karani mmoja akaaye Mtongwe amealikwa harusi mjini. Anajua kwamba usiku huo atapiga mwimbaji ampendaye. Basi pamoja na kanzu yake safi anachukua redio kaseti, betri mpya na kaseti mbili za dakika 90. Afikapo akuta karibu na jukwaa meza ndogo, na juu yake mashine tatu au nne za watu wengine waliomtangulia. Kila mtu ataka mashine yake iwe karibu na spika, lakini si karibu mno, maana sauti ya ngoma ikizidi nguvu huunguruma na kumeza maneno. Mwenye ujuzi zaidi amekwisha kusemezana na fundi wa mitambo, naye ameunganishwa kwa waya moja kwa moja. Huyo ndiye ambaye juma zima lijalo ataombwa nakala.

Haya ni mambo yaliyokuwa ya kawaida katika Mombasa ya siku zile. Yako maduka yaliyojulikana kwa kazi hiyo ya kurekodi na kuuza kaseti za taarabu, na Mbwana Radio Service ya Mombasa ni mojawapo ya majina yasiyosahauliwa na wapenzi wa muziki. Lakini kando ya maduka ilikuwako njia nyingine isiyo na kibao wala risiti: mtu kwa mtu, nyumba kwa nyumba. Katika miaka ya 1980 zilipoenea redio kaseti zenye nafasi mbili, kazi ya kunakili ikawa rahisi zaidi. Mtu alitia kaseti yenye wimbo upande mmoja, tupu upande wa pili, akabonyeza vidude viwili, akaenda zake kuswali. Aliporudi kazi ilikuwa imekwisha.

Kaseti hizo hazikuishia Kenya. Mabaharia walizichukua, na jamaa waliokwenda kutafuta maisha Maskati na Dubai walitumiwa. Mara nyingine kabla ya wimbo wa kwanza mlisikika sauti ya mama akimsalimu mwanawe na kumwambia habari za nyumbani, kwa kuwa kaseti ilitumika kama barua pia. Barua za namna hiyo hazimo katika posta yoyote. Zimo mwanzoni mwa kanda za Juma Bhalo.

UDI NA BETRI ZILIZOCHOKA

Mpigaji wa nyumbani alipoipata kaseti, kazi yake ndiyo kwanza ilianza. Hakuwa na mwalimu, wala maandishi ya muziki hakuyajua. Mwalimu wake alikuwa kile kidude cha kurudisha nyuma. Alisikiliza kipande, akasimamisha, akakitafuta katika nyuzi, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Kipande cha sekunde kumi kiliweza kumchukua jioni nzima, na watu wa nyumbani walikijua kwa moyo kabla yeye mwenyewe hajakijua.

Hapo ndipo alipokutana na taabu ambayo mpigaji wa leo hawezi kuifahamu. Mashine iliyorekodi harusini ilitumia betri, na betri zikianza kuchoka mwendo wa utepe hupungua kidogo kidogo pasipo mtu kutambua. Kanda hiyo ikichezwa baadaye katika mashine yenye nguvu kamili, huenda mbio kuliko ilivyorekodiwa, na sauti hupanda. Mwendo ukizidi kwa sehemu sita katika mia, sauti yote hupanda kwa nusu hatua ya muziki. Basi mpigaji aliyekwisha kulinganisha udi wake vizuri akakuta haupatani na kanda. Huikaza nyuzi mpaka zikapatana. Upande wa pili wa kaseti ukianza, na betri zimechoka zaidi, hazipatani tena. Wako waliokata shauri kwamba mwimbaji fulani hupenda kuimba juu sana, kumbe mwimbaji hakuwa na habari, ni betri tu.

Mabishano juu ya jambo hili yalikuwa sehemu ya raha yenyewe. Wenye kaseti za harusi ile ile, zilizorekodiwa na mashine mbali mbali, walikutana barazani na kuzilinganisha. Yupi kanda yake ni ya kweli? Fundi wa saa alihesabiwa kuwa shahidi mzuri, kwa kuwa ana masikio ya mwendo.

Wengine hawakutumia udi. Ala iliyopendwa sana Mombasa ni tashkota, ambayo asili yake ni Japani, ilikotengenezwa mara ya kwanza Nagoya mwaka 1912 na Goro Morita. Ina nyuzi kama gitaa, lakini haibanwi kwa vidole. Ina vibonyezo mfano wa taipureta, na labda ndiyo sababu makarani waliizoea upesi. Bi Zuhura Swaleh na kundi lake waliifanya ijulikane mbali kwa mapigo yao ya chakacha, na kanda zake zilikuwa chuo kwa kila aliyekuwa na tashkota nyumbani.

MATO AU MOTO

Jambo jingine ni maneno. Kila kaseti inakiliwapo kutoka kaseti nyingine, mvumo wa utepe, ule unaosikika kama mvua ya mbali, huongezeka, na sauti nyembamba hupotea. Njuga za rika hupotea kwanza. Kisha hufuata herufi kama s na f, ambazo ni pumzi tu. Nakala ya nne au ya tano huwa kama mtu anayeimba nyuma ya pazia. Taarabu ni ushairi, na ubeti ukikosa neno moja maana yake yaweza kugeuka.

Taabu iliongezeka kwa kuwa washairi wengi wa Mombasa walitunga kwa Kimvita, na Likoni ina watu wa kila namna: Wadigo wenye mji, Waswahili waliohamia kutoka kisiwani, na watu wa bara waliofuata kazi za bandari. Mwimbaji akitaja mato, Mmvita ajua kwamba ni macho. Mtu wa bara akiisikia nakala mbovu atasikia moto, na ataueleza ubeti mzima kwa habari ya kuungua. Mwimbaji akisema ndoo, amwita mpenzi wake aje. Asiyejua atashangaa ndoo imeingiaje katika mapenzi. Mzee wa barazani husema, "La, mwanangu, hapo hasemi ndoo ya maji, asema njoo," na kijana huandika sahihisho katika daftari lake. Madaftari hayo yaliyokuwa na beti zilizonakiliwa kwa mkono kutoka katika kanda ni jamaa ya kanda zenyewe. Nayo yafaa yatafutwe.

Na si neno tu lililobishaniwa, bali fumbo. Nani aliyekusudiwa? Waimbaji wa Mombasa walijibizana kwa nyimbo, na kanda ya harusi ya juma hili yaweza kuwa jibu la kanda ya juma lililopita. Aliyekuwa na moja bila ya nyingine alikuwa na nusu ya mazungumzo. Kwa hiyo watu walibadilishana kanda kama wabadilishanavyo magazeti, ili wapate mfululizo.

WAIMBAJI NA HAKI YAO

Majina mawili hayana budi kutajwa katika habari hii. Bw. Mohamed Khamis Juma Bhalo aliimba kwa mahadhi yaliyotokana na nyimbo za filamu za Kihindi, na mashairi mengi aliyoyaimba yalitungwa na ndugu yake, mshairi Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye diwani yake Malenga wa Mvita ilitolewa mwaka 1971. Wako watu wasiopata kuifungua diwani yoyote ambao wana tungo za Ahmad Nassir kichwani, kwa sababu walizipata katika kaseti. Wa pili ni Bw. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, fundi wa udi, aliyefuata njia ya Kiarabu na ya nyimbo za kale za Lamu, akisaidiwa na mshairi na mtaalamu Ahmed Sheikh Nabhany. Wapigaji wa udi wa nyumbani walimsikiliza Zein kama mwanafunzi amsikilizavyo mwalimu mkali. Wote wawili wamekwisha kufariki, Bhalo mwaka 2014 na Zein mwaka 2016, na Nabhany akafuata mwaka 2017.

Ni kweli kwamba baadhi ya kazi za Mombasa zilipata kurekodiwa kwa mitambo mizuri. Kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilitoa Mtindo wa Mombasa ya Zein mwaka 1990, ikatoa na nyimbo za Bw. Maulidi Juma na za Bi Zuhura. Baadaye Buda Musique ya Ufaransa ilikusanya taarabu ya Mombasa ya miaka ya 1965 mpaka 1975 katika mfululizo wake uitwao Zanzibara. Kazi hizo ni za kusifiwa. Lakini msikilizaji wa harusi akizisikia husema kwamba ni safi mno. Hamna vigelegele, hamna mtu anayeitwa jina lake aje kutuza, hamna mtoto anayelia, wala mwimbaji haongezi ubeti kwa sababu amemwona mtu fulani ameingia.

Sasa laja swali la haki, ambalo wapenzi wa kaseti hawapendi kuulizwa. Mwimbaji alilipwa na mwenye harusi, akapata na tuzo za wasikilizaji. Lakini kaseti iliyozaliwa usiku ule ilinakiliwa mara mia, na baadhi ya nakala ziliuzwa na wauzaji ambao hawakumpa senti moja. Waimbaji wengi walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Wimbo ni kazi kama kazi nyingine. Mtu avunaye shamba la mwenziwe hawezi kujitetea kwa kusema kwamba mahindi yalikuwa mazuri.

Hata hivyo, liko jambo la kushangaza. Kanda ya kwanza, ile iliyorekodiwa kwa waya kutoka katika mitambo, mara nyingi imekwisha kupotea. Ilifutwa ili irekodiwe harusi nyingine, au ilikatika, au ilitupwa mwenyewe alipohama. Kilichobaki ni nakala ya nakala, katika sanduku la mtu wa Shika Adabu ambaye hakumlipa mwimbaji chochote. Kunakili kulikomnyima mwimbaji riziki ndiko kulikoiokoa sauti yake. Watoto wa mwimbaji wakitaka kumsikia baba yao alivyokuwa kijana, huenda wakalazimika kubisha hodi kwa yule yule aliyemdhulumu.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yaulinda utungo kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtungaji, na yailinda sauti iliyorekodiwa kwa miaka 50 tangu mwaka iliporekodiwa. Kwa hiyo mtu aliye na kanda ya zamani ana kitu mkononi, lakini wimbo uliomo si mali yake. Kuisafisha na kuiweka salama kwa ajili ya nyumba yake ni jambo moja. Kuiuza, au kuitia katika simu za watu wote ili ajipatie fedha, ni jambo jingine, na jamaa za mwimbaji na za mtungaji ni wa kuulizwa kwanza.

Na wako watu wengine wa kuulizwa, ambao mara nyingi husahauliwa. Kanda nyingi zilirekodiwa katika mikutano ya wanawake peke yao. Akina mama wa pwani waimbapo na kuchezapo chakacha bila ya wanaume kuwapo husema na kucheka kwa uhuru, na hutoleana mafumbo yenye majina ndani yake. Baadhi ya walioimba na waliofumbwa wangali hai, na ni mabibi wenye heshima. Aliyeshika mashine usiku ule aliruhusiwa na waliokuwapo ukumbini. Hakuruhusiwa na ulimwengu. Kijana atakayekuta sauti ya bibi yake katika kanda ya namna hiyo na ampe bibi asikilize kwanza, naye ndiye atakayesema ifanywe nini. Huenda akacheka na kuitoa. Huenda akaomba ifungwe, na isisikilizwe mpaka amekwisha kuondoka duniani.

HATARI YA SASA

Kanda hazikutengenezwa ili zikae miaka 50. Likoni, mahali pa bahari, joto na unyevu, ni pabaya kwa utepe kuliko mahali pengi. Gundi inayoushikilia ule unga hulegea, utepe hunata, ukungu mweupe huota pembeni. Kaseti za dakika 120, ambazo wengi walizipenda kwa sababu zilichukua harusi nzima, ndizo zilizo dhaifu zaidi, kwa kuwa utepe wake ni mwembamba sana.

Mashine nazo zatoweka. Sony, waliouuza Walkman kwa mara ya kwanza mwaka 1979, waliacha kutengeneza ule wa kaseti kwa soko la Japani mwaka 2010. Redio kaseti mpya bado zapatikana, lakini nyingi ni za kazi hafifu, na mafundi waliojua kurekebisha kichwa cha mashine wazeeka. Mwaka 2015 hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilionya kwamba kanda zisizokuwa zimehamishwa kufikia mwaka 2025 zaelekea kupotea kabisa, na mwaka 2019 UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, walianzisha mradi wa kuuamsha ulimwengu juu ya hatari hiyo. Maonyo hayo yalielekezwa kwa mabohari makubwa ya redio na vyuo. Bohari la redio lina mlinzi, rafu na orodha. Sanduku la Bofu halina orodha, na mwenye kuijua sauti iliyomo huenda ana miaka 80.

Mwenye sanduku kama hilo asiitie kanda ya kale katika mashine mara tu aionapo. Kwanza na aangalie ukungu kupitia kidirisha chake. Ikiwa na ukungu, aitenge na nyingine. Ndani ya kaseti, katikati ya ukingo ulio wazi, mna kipande kidogo cha sponji kinachousukuma utepe juu ya kichwa cha mashine. Kikiwa kimebanduka sauti itakuwa hafifu, lakini fundi aweza kuutoa utepe na kuutia katika ganda la kaseti nyingine. Kule nyuma mna vijino viwili vya plastiki; vikivunjwa, mashine haitakubali kurekodi juu yake, na harusi ya mwaka 1978 haitafutwa na mtoto kwa bahati mbaya. Kichwa cha mashine kisafishwe kwa spiriti na pamba, kikauke. Utepe upelekwe mpaka mwisho na kurudishwa, polepole, kabla ya kuchezwa. Kanda zisikae juu ya spika, kwa sababu ya sumaku yake, wala karibu na mabati ya paa. Zisimamishwe kama vitabu, mahali pakavu.

Kisha ihamishiwe katika kompyuta kwa waya, si kwa kuishika simu mbele ya spika, na faili la kwanza liwe lile kamili lisilobanwa. Nakala ndogo za kutumiana zitatolewa kutoka katika hilo. Mvumo usiondolewe katika faili hilo, maana mwenye kuondoa mvumo kwa pupa huondoa na pumzi ya mwimbaji pamoja nao.

Kwa majina, kompyuta haiwezi kusaidia. Nani aliyeimba, nani aliyetunga, nani alipiga tabla, harusi ilikuwa ya nani, mtaa gani, mwaka gani, na kanda ilitoka kwa nani kabla ya kufika hapa. Mambo hayo yamo katika vichwa vya wazee peke yao. Kaseti ya dakika 90 huchukua dakika 90 kuihamisha, wala hakuna njia ya mkato iliyo salama. Sanduku lenye kaseti 40 litahitaji saa 60, na katika saa hizo mzee aweza kuketi karibu na mashine na kikombe chake cha kahawa, akisema, "Simamisha hapo, mwanangu. Huyo alielia kigelegele ni shangazi yako," na mjukuu akiandika.